Dodgers hawakuondoka Brooklyn kwa tamaa peke yake

Mashabiki wa besiboli husimulia kwamba Walter O'Malley, mmiliki wa timu ya Dodgers, aliihamisha kutoka Brooklyn, New York, hadi Los Angeles, mwaka 1957, kwa tamaa tu. Pesa aliitaka, naam, lakini kilichokwamisha ni ardhi. Uwanja wa timu hiyo, Ebbets Field, ulibeba watu wapatao 32,000, na maegesho yake yalitosha magari 700 hivi, huku mashabiki wengi wakiwa wameshahamia vitongojini. O'Malley alitaka kujenga uwanja kwa fedha zake kwenye makutano ya barabara za Atlantic na Flatbush huko Brooklyn, karibu na stesheni ya treni. Vipande vya ardhi pale vilikuwa vya wenyewe wengi. Jiji lisipovitwaa kisheria, bei ingepaa mno. Robert Moses, afisa wa New York aliyeshika rungu la mambo ya ardhi na ujenzi, alikataa: uwanja wa mtu binafsi si manufaa ya umma. Alimwelekeza Queens, sehemu nyingine ya jiji.