Madonge Matano Hayabebi Jiwe

Nimeitwa tena kutazama sakafu ya mawe bustanini ambayo mwenyewe aliamini imeharibika kwa sababu aliuziwa mawe mabovu. Jiwe moja lilikuwa limepasuka pembeni, mengine manne yalikuwa yanacheza ukiyakanyaga, na juu ya karibu kila jiwe yalijitokeza mabaka matano ya weusi hafifu, moja kila pembe na moja katikati, mfano wa upande wa dadu wenye nukta tano. Sikuhitaji kuuliza chochote. Nilichukua mwiko nikagonga kwa mpini wake: katikati ya jiwe sauti ilikuwa nzito na fupi, lakini mkono uliposogea shubiri moja tu pembeni, jiwe likalia kama debe tupu. Mawe yale hayakuwa na kosa lolote. Fundi aliyeyalaza alifanya jambo ambalo nimekwisha kulisikia likitetewa mara nyingi kiasi cha kunimaliza uvumilivu, yaani aliweka madonge matano ya mota, yaani mchanganyiko wa saruji, mchanga na maji, kwa kila jiwe, akabonyeza, akaenda zake.

Watetezi wa madonge husema kwamba jiwe ni kitu kigumu, kwa hiyo halihitaji kushikwa kila mahali. Naomba tufanye hesabu. Chukua jiwe la sentimita 60 kwa 90 lenye unene wa milimita 25, ambalo lina uzito wa kilo 35 hivi. Donge la mota linalojaa mwiko, likishabonyezwa, hufikia kipenyo cha sentimita 15, na madonge matano ya namna hiyo hugusa takribani asilimia 16 ya upande wa chini wa jiwe. Tufanye fundi ni mkarimu na madonge yake yametanuka hadi sentimita 20: bado hayafiki theluthi moja. Sehemu nyingine yote ya jiwe imekaa juu ya hewa. Na ugumu unaosifiwa ni ugumu wa kustahimili kukandamizwa. Jiwe hilohilo likiachwa lining'inie halafu likapindwa, ni dhaifu mno kuliko watu wanavyodhani. Mguu wa meza au kisigino cha mtu aliyebeba chungu kikubwa cha maua hautafuti mahali penye donge ndipo ukanyage.

Hoja ya pili, ambayo hunikera zaidi kwa sababu inajifanya ya kitaalamu, ni kwamba nafasi kati ya madonge husaidia maji kupita. Maji hayapiti, yanakaa. Huingia kupitia kwenye viungo vya kati ya jiwe na jiwe, kwa sababu hakuna kiungo kisichopitisha maji hata tone, kisha hukuta vijitanki vidogo vidogo ambavyo fundi ameyajengea bila malipo. Humo huchukua chembe laini za tabaka la chini na kuzihamisha, msingi ukaanza kushuka mahali pamoja na kubaki mahali pengine. Siafu na sisimizi nao hupenda sana vyumba hivyo, na mchanga wanaoutoa nje kwa bidii ni mchanga wako. Penye baridi ya kugandisha mambo huwa mabaya zaidi, kwa kuwa maji yakiwa barafu huongezeka ujazo kwa karibu asilimia 9, na katika tanki lililojaa hakuna pa kuongezekea ila kulisukuma jiwe juu.

Sasa yale mabaka. Mwenye nyumba alikuwa amekwisha kuyasugua kwa sabuni, kisha kwa dawa ya choo yenye tindikali, jambo ambalo nawasihi msilifanye, kwa sababu tindikali hula jiwe la chokaa na huweza kuamsha madini ya chuma yaliyomo katika jiwe la mchanga yakatoa kutu ambayo haikuwepo. Mabaka hayatoki kwa kusuguliwa kwa kuwa hayakuanzia juu. Jiwe lenye vinyweleo hunyonya unyevu na chumvi kutoka kwenye mota linayoigusa, na palipo na hewa hakuna cha kunyonya, hivyo jiwe hukauka kwa kasi mbili tofauti na kuchora juu ramani ya kilichoko chini. Mawe ya rangi nyepesi ndiyo husema ukweli zaidi. Graniti, ambayo hunywa maji kidogo sana, inaweza kuificha siri hiyo kwa muda mrefu, na nashuku ndiyo sababu mafundi waliozoea graniti hubisha kuliko wengine wote.

Msingi wenyewe nitaupitia haraka, kwa kuwa wengi wanaujua hata wasipoufuata. Chimba hadi udongo mgumu, ondoa mizizi, tandaza kokoto iliyochanganyika na vumbi lake, uishindilie kwa matabaka hadi upate milimita 100 zilizoshikana barabara, au 150 ikiwa udongo ni laini. Uso wa sakafu ukae angalau milimita 150 chini ya tabaka la kuzuia unyevu la ukuta, na mteremko uelekee mbali na nyumba: sentimita moja kwa kila sentimita 60 hadi 80. Mwenye jiwe lenye uso wa mawimbi achague 60, la sivyo atafuga madimbwi.

Kulaza jiwe ndiko ninakotaka kukaa. Mota yangu ni saruji sehemu moja kwa mchanga wenye chembe kubwa sehemu nne au tano, na maji yake ni ya kiasi kwamba nikifinya konzi moja, inabaki na alama za vidole bila kuchuruzika. Natandaza eneo la jiwe zima, unene wa milimita 30 hadi 50, juu kidogo kuliko ninapotaka liishie, kisha naupitisha mwiko kwa ncha ili kuacha vijifereji ambavyo vitajifunga jiwe likishuka. Mgongo wa jiwe naupaka uji mzito wa saruji wakati huohuo, usikauke. Jiwe likishalala, nagonga kwa nyundo ya mpira kutoka katikati kwenda pembeni, macho yakiwa kwenye uzi na pima maji. Hapa ndipo subira ya mafundi hukatikia: jiwe likishuka kupita uzi, dawa si kuchomeka mota ukingoni kwa mwiko, maana hiyo hujaza sentimita chache za mbele na kuacha pango nyuma yake. Linyanyue, ongeza, lilaze upya. Jiwe la kwanza la kila kazi mimi hulinyanyua hata likiwa limekaa sawasawa, nitazame mgongo wake. Ukiwa umejaa mota kila mahali, naendelea. Nikiona jiwe tupu hata pa ukubwa wa kiganja, nabadilisha maji au unene kabla sijaharibu arubaini yanayofuata.

Mnaosema kwamba njia hii inamaliza saruji, ni kweli, inamaliza. Na mnaosema madonge hurahisisha kusawazisha mawe yenye unene tofauti, hilo nalo ni kweli. Sakafu yangu ya kwanza kabisa niliilaza hivyo kwa sababu hiyohiyo, na wala sikufundishwa na kitabu kuacha, bali na mwenye sakafu aliyeniita baada ya misimu miwili ya mvua.

Yapo ninayoyatilia shaka katika kanuni zangu mwenyewe. Ule uji wa saruji mgongoni naupaka kila mara, lakini kwa jiwe lenye mgongo wa kukwaruza sana nimewahi kunyanyua ambayo hayakupakwa nikakuta yameshika kama yaliyopakwa, ilhali jiwe lililokatwa kwa msumeno bila uji hubanduka kama ganda la yai. Pembe moja inayolia tupu kidogo hainifanyi tena nivunje jiwe zima. Nimeziona nyingi zikikaa miaka bila tatizo. Dawa za kupaka juu ili jiwe lisinyonye uchafu sizikatai, ila sizipendekezi kwa sakafu mpya, kwa sababu baadhi huufungia ndani unyevu ambao bado unatafuta njia ya kutoka. Na mawe mazito ya milimita 50 na zaidi yanaweza kukaa vizuri juu ya mchanga pasipo saruji kabisa, mradi mchanga wenyewe umeyagusa yote kutoka ukingo hadi ukingo. Hata huko hakuna madonge.

Mwenye nyumba aliniuliza kama ninaweza kutoboa matundu kwenye viungo na kusukumia mota nyepesi chini bila kung'oa. Nilimwambia kwamba siwezi kujua imefika wapi na imeishia wapi, nikaomba mtaimbo. Jiwe la kwanza lilitoka bila upinzani wowote: madonge mawili yaling'ang'ania jiwe, matatu yalibaki msingini, na kati yake sisimizi walianza kuhamisha mayai yao mbio mbio. Tuliyang'oa yote, tukayapangusa, tukayalaza upya juu ya mota iliyojaa. Lililopasuka tulilikata likawa vipande viwili vya ukingoni, na yale yenye mabaka yaliyokolea zaidi tukayapeleka kwenye kona ambako mama mwenye nyumba alisema ataweka vyungu vyake.