Sedani kubwa za kifahari zilizotumika: mambo ya kukagua Nairobi kabla hujalipa

Bei ya Mercedes S-Class au BMW 7 Series hushuka haraka, lakini bei ya spea zake haishuki nayo. Gari linaweza kukaa kwenye yadi ya Ngong Road likiuzwa kwa bei ya Prado iliyochoka, na bado springi moja ya hewa ya mbele ikauzwa kana kwamba gari lilitoka kiwandani jana. Kwa hiyo nikiletewa gari la aina hii nilikague, swali langu la kwanza ni hili: lina mifumo mingapi ambayo fundi wa hapa hawezi kuitengeneza bila kuagiza kitu ng'ambo? Kadiri hesabu hiyo inavyopungua ndivyo ninavyolipenda zaidi, hata kama viti vyake havina masaji.

Anza na ushuru

Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8 tangu lisajiliwe mara ya kwanza. Kwa 2026, hiyo ina maana ya 2019 kuja juu. Kwa hiyo S-Class ya kizazi cha W221, iliyokoma 2013, BMW 7 Series za F01 na F02 zilizokoma 2015, na Lexus LS 460 iliyokoma 2017, utazipata tu zikiwa tayari zina namba za Kenya. Ukitaka kuagiza mwenyewe, unatazama S-Class W222 ya mwisho (toleo lililoboreshwa 2017), BMW G11 au G12, Lexus LS 500, au zilizofuata.

Hapa ukubwa wa injini una uzito kuliko watu wanavyodhani. Kwa viwango vya 2025, ushuru wa forodha ni asilimia 35. Ushuru wa bidhaa ni asilimia 25 kwa gari la petroli lililozidi cc 1500, na hupanda hadi 35 likizidi cc 3000. Kwa dizeli, hupanda hadi 35 likizidi cc 2500. Juu yake kuna VAT ya asilimia 16, ada ya tamko la uagizaji 2.5 na ya reli 2. Kila kodi huhesabiwa juu ya iliyotangulia, isipokuwa hizo ada mbili za mwisho. Kwa kila shilingi 100 za thamani ya forodha, gari la cc 2998 hulipa kama shilingi 100, na la cc 4663 hulipa karibu 116. Thamani yenyewe KRA, mamlaka ya kodi, huitoa kwenye orodha yake ya bei za magari mapya, kisha hupunguza kulingana na umri. Risiti ya mnada wa Japani haitakuokoa.

Ndiyo maana S450 ya silinda sita au BMW 740i yenye injini ya B58 (cc 2998) ina faida mara mbili: ushuru wa chini na injini isiyo na makuu. Wengi hukimbilia S350d wakifikiri dizeli ni nafuu. Injini yake ni ya cc 2925, kwa hiyo inaangukia kwenye asilimia 35 kama ya silinda nane.

Injini

B58 ndiyo ninayoipendekeza bila wasiwasi kwa upande wa BMW. N63, silinda nane ya lita 4.4 iliyo kwenye 750i, sipendekezi kwa mtu anayeshinda kwenye foleni ya Mombasa Road. Turbo zake mbili zimekaa katikati ya injini, ndani ya V ya silinda, na joto linabaki pale pale. Sili za vali hukauka, mipira ya paipu hukakamaa, na oili huanza kuliwa. Kipimo chake ni rahisi na hakihitaji mashine. Injini ikishapata moto, iache ikiwaka bila kukanyagwa mafuta dakika 20, kisha mtu akanyage mafuta ghafla huku wewe umesimama nyuma. Wingu la moshi wa bluu likitoka kwenye eksozi, sili zimekwisha, na kuzibadilisha ni kazi ya siku nyingi. Muuzaji akikwambia "ni unyevu tu", jua kwamba unyevu hutoa mvuke mweupe unaopotea hewani, hautoi harufu ya oili iliyoungua.

Kwa Mercedes, M278 ya lita 4.7 iliyo kwenye S500 (Japani waliiita S550) ni tamu kuendesha, ila isikilize ikiwa baridi. Mwambie muuzaji asiwashe gari kabla hujafika, na ukifika weka mkono juu ya boneti kuhakikisha. Mlio wa cheni ukidumu sekunde mbili tatu baada ya kuwasha, oili imekuwa ikishuka usiku kutoka kwenye vikaza cheni kwa sababu vali ndogo za kuizuia zimechoka. Mapema ni kazi ya wastani. Ikiachwa, inakuwa kazi ya cheni nzima. Kisha chomoa soketi za sumaku za kamshafti mbele ya injini. Ukikuta oili ndani ya soketi, inasafiri ndani ya waya kuelekea kompyuta ya injini.

W221 za mwanzo zenye M272 au M273 zina ugonjwa wa gia laini ndani ya injini: gia ya shafti ya kusawazisha kwenye V6, na gia ya kupitishia cheni kwenye V8. Kuifikia ni lazima injini ishuke. Gari la miaka hiyo lisilo na ushahidi kwamba kazi hiyo ilifanyika, mimi huliacha.

LS 460 haina turbo, na hapa kwetu kwenye kimo cha karibu mita 1,700 hewa ni nyepesi, kwa hiyo nguvu hupungua ukilinganisha na Mombasa. Lakini ndiyo gari la kundi hili linalovumilia zaidi. Udhaifu wake uko chini: mikono ya mbele ya juu na ya chini, iliyo mingi kila upande, bushi zake hupasuka kwenye barabara zetu, na Toyota huuza mkono mzima, si bushi peke yake. Pita taratibu kwenye matuta ukiwa umefungua madirisha. Mlio wa "tok" mbele ni bushi hizo. Angalia pia kitengo cha umeme cha breki: kisomwe hitilafu, maana kikifa ni gharama kubwa kuliko mikono yote.

Springi za hewa

Hapa ndipo pesa nyingi za Nairobi hupotelea, kwa hiyo usikimbie. S-Class nyingi zina AIRMATIC, hewa kwenye magurudumu yote manne. BMW G11 na G12 vilevile. F02 ina hewa nyuma tu. LS 460 fupi nyingi zina springi za chuma, na hilo pekee linatosha kuwa sababu ya kuichagua.

Mfuko wa hewa ni mpira. Mpira huzeeka kwa miaka na joto hata kama gari halitembei, kwa hiyo kilomita chache si kinga. Ukianza kuvuja kidogo, kompresa huanza kujaza mara kwa mara. Rilei ya kompresa (swichi ya umeme inayoiwasha) nayo hugandamana, kompresa inaendelea kuzunguka bila kukoma hadi inaungua. Mtu akibadilisha kompresa peke yake bila mfuko unaovuja na bila rilei, atarudi kununua nyingine.

Jinsi ya kupima: omba gari lilale mahali tambarare. Jioni, chukua futi ya utepe, pima kutoka katikati ya rimu hadi ukingo wa matao ya bodi, pembe zote nne, andika. Asubuhi, kabla ya kufungua mlango, pima tena. Tofauti ya milimita chache ni sawa. Pembe moja ikishuka sentimita moja au zaidi kuliko nyingine, inavuja. Kisha washa, sikiliza kompresa ikifanya kazi, na uone gari likiinuka lote. Nyunyiza maji ya sabuni kwenye mfuko na maungio ya paipu; mapovu hayadanganyi.

Muuzaji asiyekubali gari lilale ulipopachagua anajua atakachokuta asubuhi.

Nikibadilisha, hubadilisha jozi ya ekseli moja. Arnott na Bilstein hutengeneza springi zinazotegemewa kwa bei chini ya ile ya wakala. Zile za bei ya kutupa zisizo na jina zinazoletwa mifukoni Kirinyaga Road sizifungi kwenye gari la tani mbili.

Na kama gari ni Mercedes yenye ABC au Magic Body Control, ujue ile si hewa, ni mafuta yenye shinikizo kubwa, yenye pampu, akumuleta na paipu zinazopasuka. Kwa bei ya kuitengeneza hapa, achana nayo hata ukipewa punguzo.

Giaboksi, matairi, betri

Usiamini maneno kwamba oili ya giaboksi ni ya maisha. ZF, wanaotengeneza giaboksi ya gia 8 ya BMW, wenyewe hushauri kuibadilisha kati ya kilomita 80,000 na 120,000, na filta imo ndani ya sahani ya chini, hubadilishwa pamoja. Kwenye giaboksi ya 722.9 ya Mercedes, bamba la umeme lililo ndani likiharibika gari hukwama kwenye gia moja. Usikubali kuuziwa kompyuta ya giaboksi iliyong'olewa gari lingine: imefungwa kwa gari lake na inahitaji kuandikishwa upya mtandaoni.

Soma tarehe ya tairi, zile tarakimu nne kama 2319, yaani wiki ya 23 ya 2019. Tairi za BMW nyingi ni za kutembea bila upepo, ngumu na ghali, na rimu za inchi 19 na 20 hupinda kwenye mashimo. Zungusha kila rimu gari likiwa kwenye jeki.

Betri iwe ya aina ya AGM, ya ukubwa sahihi, na kwenye BMW betri mpya husajiliwa kwenye kompyuta ya gari, la sivyo chaji hukosewa na betri hufa mapema.

Maji

Mjakaranda ukimwaga maua mwezi Oktoba, hufunga mifereji ya paa la kioo na ile iliyo chini ya waipa. Mvua za Novemba zikija, maji hayana pa kupita ila ndani, chini ya zulia, walipoweka moduli za umeme. Ndipo gari huanza kuonyesha hitilafu zisizo na uhusiano: mlango, taa, redio, kiti. Inua zulia la abiria na la buti, shika sponji kwa mkono. Tazama reli za viti na skrubu chini yake kama zina kutu. Kumbuka pia mafuriko ya Aprili na Mei 2024 yaliyozamisha magari mengi jijini. Gari lililouzwa tena baada ya hapo lifunguliwe zulia hadi kwenye chuma.

Kisha bonyeza kila swichi, hasa za nyuma: viti, mapazia, milango inayojivuta yenyewe, vioo vyenye tabaka mbili vinavyoanza kuwa na ukungu pembeni. Inachosha, lakini kila kimoja kina mota yake.

Karatasi na kilomita

Gari kutoka Uingereza huonyesha maili. Maili 60,000 ni kilomita 96,560, na kuna wauzaji wanaosema "sitini elfu" wakaishia hapo. Omba namba yake ya zamani ya Uingereza, uisome historia ya ukaguzi wa MOT mtandaoni bure. Inaonyesha maili za kila ukaguzi. Mulika chini pia: chumvi ya barabara za majira ya baridi hula fremu ndogo na paipu za breki. La Japani, dai karatasi ya mnada. Alama ya R ni gari lililogongwa likatengenezwa. Washa skrini vilevile. Nyingi ni za Kijapani tupu na redio zao hazifiki masafa ya stesheni zetu nyingi.

Mashine ya kusoma iwe ya aina ya gari lenyewe: XENTRY kwa Mercedes, ISTA kwa BMW, Techstream kwa Lexus. Linganisha kilomita za dashibodi na zilizohifadhiwa kwenye moduli nyingine. Ufunguo wa BMW nao huhifadhi kilomita. Hitilafu zote zikiwa zimefutwa asubuhi hiyo, endesha kilomita 30 usome tena.

Lipia nakala ya rekodi za gari kwenye eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, upande wa NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, uone kama jina la benki limo. Linganisha namba ya chasisi iliyogongwa kwenye bodi na ya kibandiko cha mlango. Gari la ubalozi au la UN, lenye historia nzuri ya sevisi mara nyingi, liulizwe jambo moja: ushuru umelipwa? Liliingia bila kodi, na haliwezi kuhamia kwa jina lako hadi KRA wapate chao. Taka risiti kabla ya bei.

Kwenye bima, uliza kikomo cha kioo cha mbele na vioo vya pembeni kwa maandishi. Kikomo cha kawaida hakifiki nusu ya kioo cha S-Class, na vioo vya pembeni huibwa kwenye foleni. Chonga namba ya gari juu ya vioo hivyo siku utakapolichukua.

Pesa zako zigawe: weka kando kiasi kinachofikia robo ya bei, na usikiguse kwa jambo jingine ila matengenezo kwa miezi sita ya kwanza. Malipo ya mwisho yatoke muuzaji akishaanza uhamisho kwenye akaunti yake na wewe umeuona kwenye yako.