Je, wajua kwa nini kupika kwa gharama ndogo kunamwelemea zaidi mwenye kipato kidogo?

Ushauri wenyewe umezoeleka: pesa ikiwa haba, nunua maharage makavu, pika mwenyewe, tena pika ya siku tatu kwa mpigo. Hesabu yake ni ya kweli. Kilo 1 ya maharage makavu ikiiva hukaribia kilo 2 na nusu, na shibe yake haina ubishi. Ila anayeshauri hivyo ana vitu jikoni alivyovizoea mno kiasi kwamba havihesabu tena.

Tuifuate sufuria moja. Maharage huchambuliwa, yakalowekwa usiku kucha, kesho yake yakatokota saa nzima, pengine mbili. Yakiwa yamekaa ghalani muda mrefu kwenye joto na unyevunyevu, hugoma kulainika, nawe unaendelea kuchochea. Mwenye sufuria ya presha amepona: maji ndani yake hufika nyuzi joto 120 hivi badala ya 100, na maharage huiva upesi sana. Asiye nayo hulipa tofauti hiyo kwa gesi, mkaa au umeme, kila anapopika, na lazima pawe na mtu nyumbani wa kuuangalia moto.

Haya, yameiva. Chakula kilichopikwa hakifai kukaa nje zaidi ya muda wa saa 2, kwa sababu kati ya nyuzi 5 na 60 bakteria huzaliana kwa kasi. Wali ndio wa kuogopwa zaidi: kuna bakteria aitwaye Bacillus cereus ambaye vijimbegu vyake havifi kwa kuchemshwa, na sumu anayoiacha kwenye kiporo haiondoki hata ukikipasha moto vizuri. Kwa hiyo "pika ya siku tatu" ni ushauri wa mwenye friji. Asiye na friji huwasha moto kila siku, na kinachobaki akile kwa mashaka au akimwage.

Kisha kuna kabati. Mapishi ya bei nafuu huhesabu kijiko cha mafuta, chumvi kidogo, kitunguu kimoja, viungo vya kunusia tu. Ni sahihi kwa aliyenavyo tayari. Anayeanza na kabati tupu hauziwi harufu ya viungo. Ananunua pakiti nzima, au anapimiwa kidogo kidogo kwa bei ambayo, ukiijumlisha, inaipita ya chupa kubwa. Anaijua hesabu hiyo vizuri kuliko sisi. Analipwa jioni na anapika jioni hiyohiyo, na pesa ya chupa kubwa haijawahi kulala mfukoni mwake.

La mwisho ndilo linaloniuma zaidi, maana halionekani kabisa: nafasi ya kukosea. Mimi nilipojifunza kupika niliunguza sana. Nilizidisha chumvi, nikatoa maharage magumu kama kokoto, na kila mara kulikuwa na kitu kingine cha kula usiku ule. Hivyo ndivyo nilivyojua kupika. Mama mwenye pesa ya mlo mmoja hawezi kuifanyia majaribio. Aliyeambiwa kwamba dengu ni rahisi na zina lishe atazitazama, atawafikiria wanawe ambao hawajawahi kuzionja, kisha atanunua kile anachojua watakimaliza.