Kupekuliwa nywele uwanjani: nani kakushuku?

"Wamenishuku mimi tu, foleni nzima!" Dada wengi waliosuka rasta hurudi na malalamiko hayo kutoka viwanja vya ndege vya Marekani.

Ukweli ni kwamba mashine ile ya kusimama mikono juu haikujui. Wala si eksirei. Hutumia mawimbi ya redio yanayopenya nguo na kudunda kwenye ngozi. Yakikutana na kitu kinene kabla ya ngozi, programu huchora kisanduku cha njano kwenye kikaragosi cha mtu. Rasta zilizofungwa fundo utosini, kilemba, hijabu ya kukunja: kisanduku hicho. Ofisa anavaa glavu, anaminya fundo baada ya fundo, watu wanatazama. Mwenye nywele za singa keshapita, anafunga mkanda. Basi hakuna aliyekushuku, ila usumbufu unawaangukia walewale kila safari, na hilo mimi siliiti haki. Unaweza kuomba ofisa wa jinsia yako na chumba cha faragha. Sema kabla hujaguswa.

Wengine hudai wangepekuliwa wenye "majina yale" ya Kiislamu tu, foleni ingekwisha. Richard Reid, aliyeficha bomu kwenye viatu Desemba 2001, alikuwa Mwingereza mwenye pasi ya Uingereza. Umar Farouk Abdulmutallab, aliyejaribu kulipua ndege Krismasi ya 2009, baba yake mzazi alishakwenda ubalozi wa Marekani kutoa taarifa, na bado kijana akapanda ndege. Upande wa pili, Seneta Ted Kennedy alizuiwa mara kadhaa mwaka 2004 kwa sababu ya jina lililofanana na la mtu mwingine. Kama seneta alihangaika, fikiria akina Mohamed Ali walivyo wengi Zanzibar na Mombasa. Kusoma nyuso nako? Wakaguzi wa Bunge la Marekani walisema mwaka 2013 kwamba binadamu akimtafuta mwongo kwa kumtazama, hazidi sana mrusha shilingi.

Kwamba hakuna kinachopita, hapana. Mwaka 2015 ilifichuka kuwa wapimaji wa siri walipitisha silaha na mabomu bandia mara 67 kati ya 70. Lakini si maigizo matupu pia: mwaka 2024 viwanja hivyo vilikamata bunduki na bastola zaidi ya 6,600, nyingi zikiwa na risasi ndani.

Viatu? Tangu Julai 2025 hawavivulishi tena. Soksi zangu zimepumua.