Figo mpya hulindwa saa mbili asubuhi na saa mbili usiku

Mama mmoja alifika kliniki akitokea upande wa Kondoa. Alikuwa ameamka usiku wa manane ili awahi gari, na aliponiona akaniambia kwa furaha, "Leo hutanigombeza mwanangu, dawa zangu zote nimemeza kabla sijapanda gari." Ilibidi nimwombe alale Dodoma, arudi kesho yake akiwa hajameza kitu. Aliinama, akanyamaza, nami roho iliniuma kwa sababu kosa lilikuwa letu. Hakuna aliyemweleza vizuri.

Kipimo alichofuata ni cha takrolimasi, dawa inayozuia mwili kuikataa figo ya kupandikizwa. Humezwa kila baada ya saa 12, na damu huchukuliwa pale dawa inapokuwa imeshuka chini kabisa, yaani muda mfupi kabla ya dozi inayofuata. Ukishameza, kiwango kinapanda, na namba itakayotoka maabara itatudanganya sote wawili. Ukimeza saa mbili usiku, basi saa mbili kasoro asubuhi njoo utolewe damu, na kidonge chako kiwe bado mfukoni.

Mimi ni mfamasia, nafuatilia dawa za watu waliopandikizwa. Muhimbili walianza kupandikiza figo hapa nchini Novemba 2017, na Hospitali ya Benjamin Mkapa hapa Dodoma ikafuata mwaka 2018 kwa ushirikiano na madaktari wa Japani. Tangu hapo swali ninaloulizwa zaidi na ndugu wa wagonjwa ni moja: figo hii itakaa miaka mingapi?

Sehemu ya jibu huwa imeshaandikwa kabla ya upasuaji. Umri na afya ya aliyetoa figo, miaka ambayo mgonjwa amekaa kwenye mashine ya kusafisha damu, kisukari, presha, hali ya moyo. Hayo yote yana uzito. Kuna na ugonjwa ulioua figo za mwanzo, kwani baadhi ya magonjwa ya figo hurudi kuishambulia hata hiyo mpya. Hapa kwetu anayetoa figo huwa ni ndugu aliye hai, na hilo linatusaidia sana. Figo haikai saa nyingi kwenye barafu ikisubiri, na alama za tishu, yaani vitambulisho ambavyo mwili hutumia kujua kilicho chake na kilicho kigeni, hukaribiana. Ndugu wa baba mmoja na mama mmoja wana nafasi moja kati ya nne ya kulingana kabisa kwa alama hizo. Mzazi na mtoto hulingana nusu.

Mama huyu wa Kondoa ana watoto watano. Mumewe ndiye aliyejitolea wa kwanza, tena kwa moyo mweupe, na makundi ya damu yalikubaliana. Lakini mwanamke akibeba mimba, mwili wake hukutana na alama za tishu ambazo mtoto amezirithi kwa baba, na unaweza kutengeneza kingamwili, yaani askari wa mwili, dhidi ya alama hizo. Miaka mingi baadaye kingamwili hizo zinaweza kuivamia figo ya mume ndani ya saa chache. Kuongezewa damu mara kwa mara nako huleta hatari ya aina hiyo. Vipimo vilimkataa mume, figo ikatoka kwa mdogo wa kiume wa mama huyo. Kuna watu kijijini waliodai mume aliogopa. Hakuogopa, na inanikera kila nikilisikia hilo.

Sasa turudi kwenye takrolimasi, maana hapo ndipo ninapoona figo nyingi zikiponyoka. Dawa hii huvunjwavunjwa na vimeng'enya vya ini na utumbo, na nafasi yake ya usalama ni finyu. Ikishuka, mwili unaamka na kuishambulia figo kimyakimya, bila maumivu yoyote, hadi kreatinini, taka ya kwenye damu tunayoipima kujua figo inavyofanya kazi, ipande. Ikizidi, dawa yenyewe inaunguza figo, mikono inatetemeka, na sukari inaweza kupanda kwa mtu ambaye hajawahi kuwa na kisukari.

Ninayoiogopa kuliko zote ni rifampisini, dawa ya kifua kikuu. Kifua kikuu tunacho, na mtu ambaye kinga yake imeshushwa kwa makusudi hukipata kwa urahisi zaidi. Rifampisini huvichochea vile vimeng'enya vifanye kazi kupita kiasi, na ndani ya siku chache takrolimasi inaweza kuporomoka hadi dozi ilazimike kuongezwa mara kadhaa. Matibabu ya kifua kikuu yakiisha kuna mtego wa pili. Vimeng'enya vinatulia taratibu kwa kama wiki mbili, na dozi ile kubwa isiposhushwa inageuka sumu. Kwa hiyo ukiambiwa una TB, anza matibabu bila kusita, lakini kliniki ya figo ijue siku hiyohiyo.

Upande wa pili kuna zinazoipandisha: flukonazoli ya fangasi, antibiotiki za erithromaisini na klarithromaisini, na tunda la balungi. Hata kuharisha kunaipandisha, jambo linalowashangaza wengi, kwa sababu utumbo uliochubuka hauivunji dawa kama kawaida. Ukiharisha siku mbili katika joto letu la Oktoba, maji yanakutoka huku dawa ikipanda, na figo inapigwa pande zote mbili. Usisubiri tarehe yako ya kliniki.

Kwenye duka la dawa muhimu, sema kwanza kwamba umepandikizwa figo, kabla hujataja kinachokusumbua. Dawa za maumivu za diklofenaki na ibuprofeni ziache hapo hapo kaunta. Dawa za mizizi nazo usinifiche. Sitakugombeza, bibi yangu Mgogo alinilea kwa hizohizo, ila sijui zinaifanyia nini takrolimasi yako, na hakuna dozi ninayoweza kuipanga juu ya kitu nisichokijua. Akina dada wanaotaka kuzaa waje mapema tupange, na mimba ingoje angalau mwaka mmoja baada ya upasuaji, kwa sababu maikofenoleti, dawa nyingine ya kuzuia figo isikataliwe, huharibu mimba na lazima ibadilishwe wiki sita au zaidi kabla.

Kuhusu ini, wachache ninaowahudumia walipandikizwa India. Ini ni kiungo chenye uvumilivu. Halihitaji alama za tishu zilingane kama figo, na mara nyingi hukubali dozi ndogo zaidi. Hatari yake kubwa ipo kwingine: mgonjwa alifika meza ya upasuaji akiwa amedhoofu kiasi gani, figo zake zilikuwa zinafanya kazi au zimeshachoka, mshipa mkuu unaopeleka damu kwenye ini umeziba au la, njia za nyongo zimevuja au zimebana. Halafu kuna ule ugonjwa wa awali. Homa ya ini B isipozuiwa kwa dawa kila siku, huingia kwenye ini jipya. Pombe vilevile. Kwa saratani ya ini, tangu 1996 madaktari wengi hufuata kigezo cha uvimbe mmoja usiozidi sentimita 5, au uvimbe usiozidi mitatu, kila mmoja usiozidi sentimita 3. Ukipita hapo, saratani hurudi mara nyingi zaidi.

Kwa sisi wa Kanda ya Kati habari ya saratani ya ini inaanzia ghalani. Mwaka 2016 watu wa Dodoma na Manyara waliugua, wengine wakafa, kwa mahindi yenye sumukuvu, sumu inayotengenezwa na ukungu. Sumukuvu kidogo kidogo kwa miaka, ikikutana na homa ya ini B, hujenga saratani. Karanga iliyobadilika rangi au kuota ukungu usiisage, hata kama ni ya mwisho kwenye gunia.

Mama wa Kondoa alilala kwa mwanawe anayeishi Nkuhungu, hapa Dodoma. Kesho yake alikuwa kwenye benchi kabla sijafika, kidonge amekifunga kwenye ncha ya khanga. Tukamtoa damu saa mbili kasoro dakika kumi. Nikamletea maji, akaitazama saa ya ukutani mpaka ikatimu, ndipo akafungua fundo.