Saa ikichorwa kwenye picha, muda wenyewe uko wapi?

Sisi tunaofanya kazi ya elimu kwenye majumba ya sanaa swali tunalokutana nalo karibu kila siku ni moja tu. Mtu anasimama mbele ya picha, anainamisha kichwa kushoto, anainamisha kulia, alafu anageuka: "Sasa hii ni picha ya nini?" Sio swali baya. Ila kwa hizi picha za abstrakti, zisizochora kitu unachokitambua, na za kisurealisti, zinazochora kama ndoto, zinazogusa sayansi, muda na fahamu ya binadamu, swali hilo linakupoteza, kwasababu unaanza kukagua vitu kama ofisa wa forodha, hii saa, hii nyota, hili jicho, haya basi picha inahusu muda, tupite. Na wachoraji wavivu wanalijua hilo. Ndo maana mtandaoni kumejaa galaksi za zambarau, jicho kubwa katikati, saa imepachikwa pembeni, na maelezo marefu kuhusu ulimwengu wa kwanta. Futa ile saa na lile jicho uone kinachobaki. Zambarau.

Mimi huwa nawaambia wageni waulize kitu kingine: hii imetengenezwaje? Yaani muda, au atomu, au fahamu, imeingia kwenye ufundi wenyewe au imebandikwa juu kama stika?

Tuanze na ile ambayo hata asiyejali sanaa ameshaiona kwenye fulana, zile saa zinazoyeyuka za mchoraji wa Kihispania Salvador Dalí, picha inaitwa Kudumu kwa Kumbukumbu, ya mwaka 1931, ambayo iko kwenye jumba la sanaa ya kisasa la MoMA New York tangu 1934. Watu wakiifikia wanashtuka jinsi ilivyo ndogo, sentimita 24 kwa 33, imezidi kidogo tu karatasi ya A4. Kuna saa nne. Tatu zimelegea, moja kwenye tawi la mti mkavu, moja kwenye ukingo wa kile kama meza, na moja imelazwa juu ya kitu cha ajabu katikati chenye kope ndefu, ambacho ukikitazama vizuri ni uso wa Dalí mwenyewe kwa pembeni, umelala. Ya nne ni ngumu, imefunikwa kifudifudi, ina rangi ya chungwa, na hiyo ndo inayoliwa na sisimizi. Hapo ndo pa kusimama kidogo. Sisimizi kwa Dalí ni dalili ya kuoza, anawarudia kwenye kazi nyingi, na hapa hakuwaweka kwenye saa zilizoharibika, kawaweka kwenye ile pekee ambayo ungedhani ni nzima.

Wengi watakwambia ile ni nadharia ya uhusianifu ya Einstein, ile inayosema muda hauendi sawa kwa kila mtu, imewekwa kwenye rangi. Inasikika vizuri, ila Dalí mwenyewe aliposimulia alisema wazo lilimjia baada ya chakula cha usiku, akiwa anawaza jibini laini la Camembert linavyolegea. Mimi sioni kama hiyo inaishusha picha. Kinachoifanya ifanye kazi ni kwamba kila kitu kingine ni kigumu na cha kweli kabisa, ile miamba ya nyuma ni ya pwani ya kwao Catalonia, Cap de Creus, mwanga umeipiga sawasawa, vivuli viko mahali pake, brashi imetulia kama ya mtu anayechora ramani. Kila kitu kimetii sheria za fizikia isipokuwa kifaa cha kupimia muda. Angechora na miamba nayo imelegea, tungesema tu aah ni ndoto, tukaondoka.

Usurealisti wenyewe ulianzia karibu na wodi kuliko watu wanavyofikiri. André Breton, aliyeandika ilani yake Paris mwaka 1924, alikuwa mwanafunzi wa udaktari, na wakati wa vita ya kwanza ya dunia alifanya kazi kwenye kituo cha wagonjwa wa akili Saint-Dizier, akiwasikiliza askari waliovurugika kwa mabomu, huku akifuatilia mawazo ya Freud, yule daktari wa nafsi aliyekuwa anachambua ndoto za watu. Ila Freud mwenyewe hakuwa na habari nao sana. Dalí alimtembelea London mwaka 1938, mzee akiwa amewakimbia Wanazi kule Vienna, na baadae Freud akamwandikia rafiki yake Stefan Zweig kwamba mpaka siku ile alikuwa anawaona wasurealisti kama wendawazimu tu, lakini huyu kijana wa Kihispania, na ufundi wake usiopingika, amemfanya afikirie upya. Angalia kilichomgusa daktari wa nafsi. Ufundi! Sio ndoto, ndoto alikuwa amezisikia za kutosha.

Alafu bomu likaangushwa Hiroshima, Agosti 1945, na Dalí akasema mlipuko ule ulimtikisa mpaka ndani, akaanza kufuatilia fizikia ya atomu. Kati ya 1952 na 1954 akairudia picha yake ya zamani. Hiyo ya pili iko St. Petersburg, ile ya Florida, kwenye jumba la Dalí. Mandhari ni yale yale ila sasa yamefunikwa na maji, na ardhi imekatwa vipande vipande kama matofali yanayoelea, hayagusani, na kati yake kuna vitu vyenye ncha kama pembe za kifaru au kama makombora. Hapa sayansi haijabandikwa. Fizikia ilishamwambia kwamba kitu kigumu sehemu kubwa ni nafasi tupu, basi na yeye akaichukua picha yake iliyoshikamana akaiachanisha. Wanaojua zote mbili wengi wanaipenda ile ya kwanza. Mimi kwa upande wa sayansi nachukua hii ya pili, hata kama sio nzuri kuitundika sebuleni.

Sasa kuna mama mmoja ambaye huku kwetu hatajwi sana, Remedios Varo. Alizaliwa Catalonia mwaka 1908, baba yake alikuwa injinia wa mambo ya maji na ndo aliyemfundisha kuchora michoro ya kiufundi, vipimo, gia, mistari iliyonyooka. Vita ikamkimbiza Ufaransa, na 1941 akafika Mexico ambako ndiko alikochora kazi zake kubwa mpaka alipofariki 1963. Kuna picha yake ya 1955, Ufunuo, au Fundi Saa. Fundi amekaa kwenye meza yake, amezungukwa na saa kubwa za kusimama, zote zinaonyesha saa ile ile, lakini ndani ya kila saa amesimama mtu yule yule akiwa kwenye nguo za zama tofauti, na kuna nondo kama za jela. Kupitia dirishani inaingia duara inazunguka, fundi ameduwaa, gia zimesambaa sakafuni. Yaani ule muda aliokuwa anautengeneza miaka yote na bisibisi yake, mmoja, ulionyooka, umeingiliwa.

Ila mimi ninachompendea Varo ni namna alivyokuwa anaanza. Alikuwa anaweka rangi mbichi, anaikandamiza na kitu alafu anakibandua, rangi inaacha michirizi kama ukungu au mizizi ambayo hakuna mkono ungeweza kuipanga, au anaipuliza rangi nyepesi itambae yenyewe. Hiyo ni bahati tupu, wasurealisti waliipenda kwasababu walidhani inaikwepa akili inayojitambua. Ila wengi wao waliishia hapo. Varo yeye anarudi na brashi nyembamba na mistari ya binti wa injinia, anaipa ile bahati kuta, ngazi, magurudumu. Mwaka 2023 jumba la Art Institute of Chicago lilimfanyia maonyesho makubwa na wataalamu wao wakazichunguza tabaka za rangi zake, na hizo mbinu zote zinaonekana pale, mkwaruzo, mpulizo, hata vipande vya lulumizi, lile ganda la chaza linalong'aa ndani, alivyopachika kwenye nyuso.

Haya, tuondoke kwenye saa kabisa, maana kuna mtu alichora muda bila kuchora saa hata moja.

Roman Opalka, msanii wa Poland. Mwaka 1965 akiwa Warsaw alichukua turubai, yaani kitambaa cha kuchorea, nyeusi, sentimita 196 kwa 135, akachukua brashi ndogo kuliko zote, namba sifuri, na kwenye kona ya juu kushoto akaandika kwa rangi nyeupe 1. Alafu 2. Alafu 3. Hakuacha. Turubai ya kwanza ilijaa alipofika 35,327. Akachukua nyingine ya ukubwa ule ule akaendelea na 35,328, na hivo hivo mpaka alipofariki Agosti 2011, namba ya mwisho ikiwa 5,607,249. Turubai 233. Ukipiga hesabu inakuja kama namba 330 kwa siku, kila siku, kwa miaka 46, na akisafiri alikuwa anaendelea kwa kalamu kwenye karatasi.

Ukiwa mbali unaona kijivu, kama vumbi limetua kwenye kitambaa, kuna mawimbi mawimbi hivi ya mwanga. Ukisogea mpaka mlinzi aanze kukuangalia vibaya, unagundua yale mawimbi yametokea wapi. Anachovya brashi, namba inatoka nyeupe kweli kweli, inayofuata imepungua kidogo, inayofuata inafifia mpaka hausomi, anachovya tena. Kwa hiyo unaona kila alipochovya. Hakupanga hilo pambo, ni rangi inaisha tu. Na kitu kingine cha kihesabu ambacho watu hawakigundui: namba zinavyokua ndefu, tarakimu tano, sita, saba, turubai inabeba namba chache zaidi, kwa hiyo kuhesabu kunakuwa kuzito kadri mtu mwenyewe anavyozeeka.

Mwaka 1972 alipovuka milioni moja akaweka sheria mpya, kila turubai inayofuata usuli wake, ile rangi ya nyuma ya namba, unaongezwa nyeupe kwa asilimia moja hivi. Ukiijua sheria hiyo unajua inaenda wapi, namba nyeupe juu ya usuli unaozidi kuwa mweupe, na kweli miaka ya mwisho alikuwa anaandika nyeupe juu ya nyeupe. Ndo maana alikuwa pia anazitamka kwa Kipoland na kujirekodi, na kila akimaliza kazi ya siku anajipiga picha ya uso, shati jeupe, mwanga ule ule, pozi lile lile. Ukiziweka hizo picha kwa mstari nywele zinaenda nyeupe sambamba na turubai.

Mwenzake wa karibu kwa wazo ni On Kawara, Mjapani aliyehamia New York, ambaye kuanzia tarehe 4 Januari 1966 alikuwa anachora tarehe ya siku hiyo tu, herufi nyeupe kwenye rangi moja, na ikifika saa sita usiku hajamaliza anaiharibu. Safi, ila kwangu Opalka anamzidi, kwa Kawara siku ukiruka haionekani kwenye picha.

Kuhusu fahamu nitakupa mfano mmoja unaoweza kuujaribu sasa hivi. Tafuta picha ya Bridget Riley, Muingereza, ya 1961, Mwendo kwenye Miraba. Ni miraba nyeusi na nyeupe kama ubao wa drafti, urefu wa kwenda juu haubadiliki, ila upana unazidi kubana ukielekea upande mmoja, mpaka inakuwa vijistari, alafu inaanza kutanuka tena. Basi, hakuna kingine. Lakini ukikodoa utaona karatasi imekunjwa na kuzama ndani, na kingo zinatetema. Jicho la mtu halitulii hata ukilikazia sehemu moja, linacheza cheza kidogo muda wote, na ubongo unazoea kubana kwa vitu kumaanisha umbali, kwa hiyo unajengea kina mahali ambapo pana rangi bapa tu. Ule mwendo hauko ubaoni, uko kwako, na ukijiambia "hii ni bapa" bado hauondoki. Kujua na kuona vimeachana njia mbele yako, na hakuna picha ya ubongo unaong'aa bluu iliyowahi kunionyesha hilo.

Na sayansi sio lazima iwe ya nyota na atomu. Wangechi Mutu, aliyezaliwa Nairobi 1972, ana mfululizo wa kolaji, picha za kubandika vipande, za miaka ya 2000 alizozitengeneza juu ya kurasa za vielelezo vya zamani vya kitabibu, vile vinavyoonyesha uvimbe na magonjwa ya kizazi cha mwanamke. Juu yake kabandika midomo, macho, vipande vya magazeti ya mitindo, manyoya, pambo zinazometa, mpaka ule ugonjwa unakuwa uso unaokutazama. Maandishi ya kitabibu ameyaacha yasomeke. Hakuipamba sayansi, kaikalisha chini aiulize ilikuwa inamtazama nani kwa jicho lile, na kwanini uso wake haukuwepo ukurasani.

Ushauri wa mwisho kwa wanaozitafuta hizi kwenye simu. Vipimo soma kwanza kabla ya kutazama, kwasababu kioo kinasawazisha kila kitu. Ya Dalí ya 1931 ukiiona kwenye laptop uko karibu na ukubwa wake halisi, haujapoteza sana. Ya Opalka kwenye simu ni kijivu kitupu, utadhani picha haijafunguka, tafuta zile zilizopigwa kwa karibu ndo uone brashi inavyoishiwa rangi. Za Varo zivute mpaka kwenye nguo na kuta, huko ndo kuna mikwaruzo. Na ya Riley usiivute kabisa, isogeze simu mbali na uso taratibu.