Kutua kwa tahadhari maana yake nini?

Ndege ikitua pasipopangwa, vichwa vya habari huandika "yatua kwa dharura". Mara nyingi sivyo. Kutua kwa tahadhari ni uamuzi wa rubani kuishusha ndege mapema ingali inaruka vizuri, kwa kuwa ameona dalili asiyoweza kuithibitisha akiwa angani. Dharura ni pale hatari imeshabisha hodi: moto, au injini kuzima. Hata redioni wito hutofautiana: "pan-pan" mara tatu kwa jambo la haraka, "mayday" mara tatu roho za watu zikiwa hatarini.

Uamuzi huu ni mgumu zaidi kosa linapotokea karakana. Rubani hamwoni fundi aliyekosea. Anaona namba kwenye skrini, na namba huweza kudanganya.

Tarehe 24 Agosti 2001, Airbus A330 ya Air Transat ilikuwa juu ya Atlantiki, kutoka Toronto kwenda Lisbon, na watu 306. Siku chache kabla, mafundi walikuwa wamebadilisha injini ya kulia. Injini mpya haikuwa ya toleo sawa na ile iliyotolewa, lakini wakaifungia kifaa cha ile ya zamani cha haidroliki, mfumo unaotumia presha ya kimiminika kuendesha sehemu za ndege. Bomba la haidroliki likakaa likigusana na la mafuta, yakasuguana hadi la mafuta likapasuka.

Marubani walianza kuona oili ya injini hiyo ina joto la chini na presha ya juu kuliko kawaida. Kisha wakaonywa kwamba mafuta ya pande mbili hayalingani. Wakafungua njia ili tangi la kushoto lilishe injini ya kulia, na hapo wakakosea, kwani mafuta ya upande mzima nayo yakaenda kuvujia kulekule. Mafuta yalivyozidi kupungua, walishuku kompyuta ndiyo mbovu. Hata hivyo, saa 11:45 alfajiri kwa saa za Greenwich, waligeuza kuelekea uwanja wa ndege wa Lajes, katika visiwa vya Azores vya Ureno, katikati ya Atlantiki. Kwangu huo ndio moyo wa dhana yenyewe: hawakuamini kipimo, lakini hawakukipuuza.

Dakika 28 baadaye injini ya kulia ikazima. Saa 12:26 ya kushoto ikafuata. Ndege ikaelea bila injini karibu kilomita 120, ikatua Lajes kwa kishindo, matairi yakapasuka. Hakuna aliyekufa.

Kwa kawaida mambo huwa tulivu kuliko hivyo. Ndege huweza kuzunguka kwanza kuchoma mafuta, maana ikitua na uzito uliopita kiwango, mafundi hulazimika kuikagua kabla ya kuruka tena. Na magari ya zimamoto unayoyaona kandokando ya njia ya kutulia huitwa hata pale ambapo hakuna kinachoungua.